Mwalimu Saturnini na Nyimbo za Kufukuzana

Saturnini alikuwa mtu mfupi, mkaidi, na linapokuja suala la muziki hakuwa na simile hata kidogo. Angeweza kusimamisha kwaya nzima katikati ya wimbo kwa sababu mtu mmoja tu amepaza sauti pasipostahili. "Unaita mbuzi?" angeuliza, na mtu huyo angetamani ardhi ipasuke.

Alizaliwa upande wa Ruponda, akapelekwa misheni angali mdogo. Huko akaangukia mikononi mwa bradha mmoja mzee, Mjerumani, aliyeamini kwamba muziki wa maana ulikoma kutungwa miaka mia mbili iliyopita. Yaliyofuata aliyaita makelele. Mtoto akaimeza imani hiyo nzima nzima. Alijifunza kuongoza kwa mikono mitupu, bila fimbo, na kuyafanya mapigo yawe mepesi kama miguu ya mcheza ngoma. Zaidi ya yote alizipenda nyimbo za kufukuzana. Ndani yake sauti moja huanza peke yake, na kabla haijamaliza maneno, nyingine inaingia juu yake na maneno yaleyale, kisha nyingine tena, mpaka msikilizaji hajui amfuate nani.

Alipoletwa Nachingwea kufundisha kwaya, mwaka arobaini na nane, mji ulikuwa umefurika matrekta na watu wa mashamba ya karanga. Waimbaji akawapata kwa kuchagua. Karanga zilipokataa na wazungu kufunga virago, watu wakatawanyika, na sauti ya tatu ikabaki na wanaume wawili, mmoja wao ana kikohozi. Saturnini akapanda baiskeli kwenda Ruangwa kusaka wengine. Alikwenda hivyo wiki baada ya wiki, akirudi na vumbi mpaka kwenye kope, na mkewe akawa anasema ameolewa na baiskeli.

Mzee Mikidadi, jirani aliyeongoza kundi la dufu ng'ambo ya barabara, alikuja siku moja kusikiliza mazoezi. Akauliza kwa huruma kabisa, "Mwalimu, watu wako wanagombea nini?"

Swali lilimchoma, maana jirani hakukosea. Wimbo ule mkubwa wa kufukuzana, ambao Saturnini aliupenda kuliko yote, ulikuwa haujawahi kufika mwisho salama. Padre mpya naye alikwisha kuchoka. "Wimbo huo ukianguka tena Sikukuu ya Kupalizwa," alimwambia, "hizi nyimbo za kale tutaziacha. Tutaimba za kitabuni, watu wote pamoja." Saturnini aliitikia vizuri, akaenda zake, lakini moyoni aliogopa. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua, wala hakuitaka.

Na wimbo ulianguka mahali palepale kila mara, kwa Dastani. Huyu alikuwa besi, dereva wa trekta wa zamani, mwenye sauti ya kutikisa benchi. Kazi yake ilikuwa kuingia juu ya sauti ya Aurelia, mama mtu mzima aliyeongoza sauti ya kwanza. Dastani haingii. Anainamisha kichwa, anasubiri Aurelia amalize neno lake la mwisho na kuvuta pumzi, ndipo anaanza. Hapo wengine wamekwisha kupotea.

"Dastani! Sikio la kufa halisikii dawa!"

"Samahani, Mwalimu," angesema Dastani, na wakirudia angefanya vilevile.

Jioni moja, wenzake walipokwisha kuondoka, Aurelia akabaki.

"Mwalimu, unamgombeza mtu bure. Yule si amemwoa mwanangu?"

"Najua, mama. Harusini nilikuwepo."

"Ulikula pilau tu, basi. Tangu lini mkwe akamkata mama mkwe wake maneno? Yule akiniona njiani anaingia porini mpaka nipite. Wewe unataka anifukuze ndani ya kanisa, watu wanatazama!"

Saturnini akakaa kwenye benchi. Adabu za kwao alizisikia kwa mbali, likizo hadi likizo. Waliomlea walikuwa mabradha, watu wasio na wakwe. Isitoshe, siku zote alidhani kuimba si kusema. Akaona aibu kwa matusi yote aliyommwagia yule kijana wa watu.

"Sasa tufanyeje, mama? Nikuhamishie sauti ya pili?"

"Sauti ya pili? Mimi?" Aurelia akamtazama kama aliyetukanwa. "Mwambie alete kuku."

Kuku akapelekwa na mke wa Dastani, kwani mkwe hakabidhi kwa mkono wake. Aurelia akampika, kisha akairudisha firigisi kwa Dastani katika bakuli lililofunikwa, na ujumbe juu yake: "Katika wimbo nimekufungulia. Njiani bado."

Sikukuu ikafika. Aurelia alianza, Saturnini akageuka upande wa besi. Dastani akaingia. Mwanzoni sauti yake ilikuwa ya woga, kama mtu aliyeingia uani kwa watu bila kupiga hodi, kisha ikakaa sawa, na wimbo ukaenda mpaka mwisho wake. "Endelea," Padre alimwambia. Mwalimu akazunguka nyuma ya kanisa akalia.

Akaendelea kweli. Waliuimba Nachingwea, wakauimba Ruangwa, na watu walitoka Mandawa kwa miguu kuja kusikiliza.

Mwaka hamsini na nane Aurelia akafariki, akazikwa Ruangwa kwa ndugu zake. Mpaka siku hiyo Dastani alikuwa hajawahi kupishana naye njiani uso kwa uso. Kaburini Saturnini alitaka wimbo mwingine, kwa sababu hakuwa na mtu wa kushika nafasi ya marehemu.

"Uleule, Mwalimu," Dastani akasema.

Kwaya ikasimama, ikiacha pengo pale marehemu alipozoea kusimama. Saturnini akanyoosha mkono kwenye pengo lile na kuongoza sehemu ya Aurelia kimya kimya, pigo kwa pigo. Waombolezaji wakatazamana, wakidhani kwaya imesahau. Kabla sehemu ile haijaisha akageuka upande wa besi, na Dastani akaingia palepale, akamkata mama mkwe wake maneno, kama alivyoruhusiwa.