Bunduki Moja ya Watu Wawili

Mume wangu ndiye aliyeitaka bunduki. Mimi nilitaka mashine ya kufulia, maana ile ya chini katika jengo letu la Sharpstown ilikuwa inameza sarafu na kutema nguo zikiwa bado na sabuni. Lakini kule Nakuru yeye alikuwa karani mkuu wa benki, mtu wa kufunguliwa mlango, na hapa Houston alikuwa amefanya miaka mitatu kwenye ghala la vipuri, ambako msimamizi wake alikuwa akimwita kwa kumpigia mluzi. Mzungu mmoja wa palepale ghalani akampeleka Jumamosi kwenye uwanja wa shabaha, mashambani huko ukishapita Sugar Land. Alirudi na uso ambao sikuwa nimeuona tangu tushuke ndege.

"Kule hawakuulizi umetoka wapi," aliniambia. "Wanaangalia tundu kwenye karatasi tu."

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Makaratasi yetu ya ukaaji tulikuwa tumeyapata kwa ile bahati nasibu ya serikali ya Marekani, kwa hivyo sheria haikutukataza kununua bunduki. Wanawake wa ushirika wetu wa kanisa waliposikia, mmoja aliniuliza, "Kwani mnataka kumuua nani?" Tukacheka sote. Kwetu bunduki ilikuwa kitu cha polisi na cha majambazi, si kitu cha karani wa benki na nesi kama mimi.

Tuliipata kwenye duka la rehani. Ilikuwa ya zile za risasi ndogo kabisa, ambazo watoto wa huku hupewa kujifunzia, na kitako chake kilikuwa na alama za meno ya mbwa. Darubini yake ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote zilizokuwa kwenye kabati la kioo. Vitu vingine tulijitengenezea. Nilikata miguu ya jinzi zake kuukuu, nikashona mifuko, nikaijaza mchele, iwe ya kuegeshea bunduki. Kwa joto lile la Houston mchele ukaingiwa na fukusi, nikaumwaga na kujaza upya. Vipande vya godoro la sponji na utepe wa gundi vikawa mto wa kuegemezea shavu. Bendera ya upepo ilikuwa utepe wa plastiki kwenye spoku ya baiskeli. Tulinunua risasi za aina sita, kiboksi kimoja kimoja, maana kila bunduki ina risasi inayoipenda na huwezi kujua mpaka ujaribu. Yetu ilipenda zile za pili kwa bei ya chini. Siku tuliyoona matundu matano yamekaa pamoja mahali panapoweza kufunikwa na kifuniko cha soda, mume wangu alinikumbatia mbele za watu. Hakuwa mtu wa kukumbatia.

Mashindano ya kila mwezi yalikuwa hivi: unapewa karatasi yenye vishabaha ishirini na vitano, kila kimoja kina haki ya risasi moja, umbali ni yadi hamsini, na una dakika ishirini. Kulikuwa na daraja la watu wenye bunduki za kawaida kama yetu. Mwezi wa kwanza nilikwenda kumbebea mifuko. Mama mzee aliyekuwa akisimamia, mwembamba, mwenye kofia ya majani, aliniona nimekaa kwenye ndoo nikipepea mbu, akaniuliza mbona sipigi.

"Tuna bunduki moja," nikasema.

"Mume wako atapiga zamu ya kwanza. Wewe utapiga ya pili. Bunduki haichoki."

Sikuwahi kupiga zaidi ya risasi kumi maishani mwangu. Lakini nilikuwa nimetafuta mishipa ya wazee wenye ngozi kama karatasi kwa miaka kumi na mbili, na najua kutulia. Unatoa pumzi nusu, unasubiri, na kidole kinaamua chenyewe. Karatasi ziliposomwa, nilikuwa nimemzidi pointi ishirini na tatu.

Watu walipiga makofi. Mama mzee akampiga mume wangu begani, akamwambia amefundisha vizuri. Yeye alitabasamu mpaka tulipoingia garini. Tulipofika nyumbani alisema, "Leo umebahatisha, sista."

Hospitalini kwetu Kenya nesi huitwa sista, na ni heshima. Mume wangu alilitumia jina hilo kwangu pale tu alipotaka kunikumbusha kwamba kazi yangu ni kubadilisha mashuka ya watu.

Mwezi wa pili sikubahatisha. Wala wa tatu. Risasi zangu zilitawanyika kama mtama uliotupiwa kuku. Nikirekebisha kushoto zinakwenda juu, nikishusha zinakwenda kulia. Mume wangu, aliyekuwa amepiga zamu ya kwanza na bunduki hiyohiyo, alikuwa akisimama nyuma yangu na kunihurumia kwa sauti ya kusikika.

"Labda ni macho, sista. Umri huo."

Nilikwenda kupimwa macho, nikaambiwa ni mazima. Nilijifungia chumbani kufanya mazoezi ya kushika pumzi. Niliacha chai ili mapigo ya moyo yashuke. Miezi minne nilikuwa wa mwisho, na kila mara nilimtazama akikunja karatasi yake kwa uangalifu ili ikakae kwenye jokofu letu chini ya sumaku. Yangu aliiweka pia. Aliziweka pamoja, sako kwa bako, watoto wazione.

Mama mzee ndiye aliyegundua. Mwezi wa sita alinisogelea kabla sijaanza, akaipindua bunduki, akagusa skrubu mbili za chini zinazoshikanisha chuma na mbao. Ya mbele ilizunguka kwa kucha.

"Hii imelegezwa," alisema. "Skrubu hailegei peke yake hivi. Na mtu aliyepiga sasa hivi amepiga vizuri."

Alinitazama, halafu akamtazama mume wangu, aliyekuwa kwenye meza ya vinywaji akifungua soda. Akatoa kifunguo kidogo cha skrubu mfukoni, akaikaza, akanipa kifunguo kile nibaki nacho.

Ningeweza kumuuliza mume wangu siku hiyo. Mara nyingi nimejiuliza kwa nini sikumuuliza. Nilikuwa na hasira, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kitamu: nilijua jambo, na yeye hakujua kwamba nalijua. Nilikiweka kile kifunguo ndani ya sidiria. Kila mwezi alipomaliza zamu yake aliipeleka bunduki kwenye sanduku letu la vifaa kana kwamba anapangapanga vitu, anageuza mkono mara moja, halafu ananiachia bunduki. Nami nikiinama kupanga mifuko ya mchele, nakaza. Nikaanza kumshinda tena, na kila mara nilimwona akiiangalia ile bunduki kama mtu aliyesalitiwa na mbwa wake.

Mwaka wa pili ndipo nilipouona mkono wake.

Tulikuwa mezani nyumbani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya paja, hauna kazi, na kidole gumba kilikuwa kikisugua kidole cha shahada, taratibu, kama mtu anayeviringisha kidonge. Aliponyanyua kijiko ukaacha. Alipouweka chini ukaanza. Nilikuwa na wagonjwa wanne wenye ugonjwa wa kutetemeka namna hiyo kwenye nyumba ya wazee nilikofanya kazi. Baada ya hapo nilianza kuangalia, kama tulivyofundishwa. Akitembea, mkono mmoja ulipepea na mwingine ulining'inia. Daftari lake la upepo na umbali, ambalo aliandika kwa mwandiko mkubwa wa benki, lilikuwa limeanza kuwa na herufi ndogo, kisha ndogo zaidi, hadi mwisho wa mstari zikawa kama sisimizi.

Nilijua. Siwezi kusema nilishuku. Nilijua kama ninavyojua joto la mtoto kwa kumgusa.

Na sikusema. Nilimwacha apige na mkono ule, mwezi baada ya mwezi, na nilisimama nyuma yake, mahali palepale alipokuwa akisimama nyuma yangu.

"Shika vizuri," nilimwambia, kwa sauti ya kusikika. "Mbona unacheza?"

Masika yaliyofuata tulikwenda kwenye mashindano makubwa zaidi kule kati ya Dallas na Fort Worth. Tulifikia Irving kwa mdogo wake, aliyekuwa akipakia mizigo kiwanja cha ndege, na ambaye alimheshimu kaka yake kupita kiasi. Aliomba ruhusa kazini aje kumwangalia. Njia nzima asubuhi ile alikuwa akisema, "Kaka, leo uta-win. Leo wazungu watatutambua."

Upepo ulikuwa wa kaskazini, mkavu, si ule mzito tuliouzoea. Mume wangu alilala nyuma ya mifuko ya mchele. Kwenye darubini ya kuangalizia niliona risasi zake tano za kwanza, zote nzuri. Halafu mkono ukaanza. Alikuwa amejifunza kuubana chini ya kitako, lakini siku hiyo haukubanika. Mtutu wote ulikuwa unapumua. Risasi ya kumi ikaingia kwenye kishabaha cha jirani yake. Ya kumi na moja ikaingia kishabaha ambacho alishakipiga. Katika mashindano hilo ni kosa la mtoto. Mtu mmoja kwenye mstari akacheka puani.

Mdogo wake aliniinamia. "Shemeji, ana nini?"

Ilikuwa nafasi yangu. Mtu aliyenipenda mimi na kumpenda yeye alikuwa ameniuliza kwa Kiswahili, sikioni, na jibu nilikuwa nalo.

"Anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa," nikasema. "Watu wengi wanamtisha."

Yule kijana alicheka, kwa aibu kwanza, halafu kwa kweli. Mume wangu alisikia. Nilijua alisikia kwa sababu mabega yake yalitulia ghafla, na akakaa vile bila kupiga mpaka dakika zilipokwisha, na vishabaha kumi na sita vikiwa vitupu.

Zamu ya pili nilipiga vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Skrubu haikuwa imelegezwa. Hakuwa amekwenda kwenye sanduku. Nilipewa kibao cha mbao na boksi la risasi za bei ambayo hatungeweza kuimudu.

Wakati wa kurudi Houston niliendesha mimi. Tulisimama mahali pa kupumzikia karibu na Huntsville, chini ya misonobari. Akaweka mkono wake wa kulia juu ya dashibodi, kiganja juu, akauacha hapo. Kidole gumba kikaanza.

"Wewe ni nesi," alisema. Hakusema sista. "Niambie unaona nini."

Nilikuwa nakula chungwa. Nakumbuka nilimaliza kipande kilichokuwa mdomoni.

"Naona mwanamume asiyejua kushindwa," nikasema. "Pumzika, utakuwa sawa."

Akautoa mkono, akauweka katikati ya mapaja yake, akafunga mkanda.

Alikwenda kwa daktari miezi minane baadaye, baada ya kumwaga uji moto shuleni mbele ya walimu wa watoto wetu. Nilimsindikiza. Daktari alimwambia atembee hadi mlangoni na kurudi, agonganishe vidole, aandike jina lake. Halafu akamuuliza ameona dalili tangu lini.

"Kama mwaka," mume wangu akasema. Daktari akanigeukia mimi, nikakazia macho mchoro wa ubongo uliokuwa ukutani.

Garini hakuwasha redio.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Tangu Irving?"

"Kabla ya Irving. Mwaka mzima kabla."

Alitikisa kichwa kama anayepiga hesabu. "Ile skrubu," alisema.

"Nilijua pia."

Nilisubiri anitukane. Ningefurahi. Alishusha kioo, akaangalia magari. Daktari alikuwa ametuambia kwamba kuwahi kusingebadili mengi, kwamba dawa hutuliza tu. Niliyashika maneno hayo kwa wiki kadhaa kama mtu anayeshika risiti. Lakini pale Huntsville sikuwa nimefikiria kuhusu dawa. Nilitaka tu aendelee kuogopa akiwa peke yake.

Jumapili iliyofuata mchungaji alikuja na watu wa ushirika, wakajaa sebuleni. Mume wangu alikaa kwenye kochi, shati limefungwa vifungo vyote. Alikuwa amevifunga mwenyewe kwa karibu robo saa na kunikataza nisiguse. Mchungaji akauliza ugonjwa ulijulikanaje.

"Mke wangu ndiye aliyegundua," akasema. "Kabla ya daktari. Aliona mapema sana."

"Bwana asifiwe!" wakasema. "Una bahati kuoa nesi."

"Aliona kabla hata mimi sijaona," akaendelea, polepole, akinitazama. Uso wake ulikuwa umeshaanza kukakamaa, hivyo hakuna aliyeweza kujua kama anatabasamu. "Niliuliza, akanijibu. Mama, waambie ulivyoona."

Macho yote yalinigeukia. Yule mama aliyewahi kuniuliza tunataka kumuua nani alikuwa ameweka mkono kifuani, tayari kuguswa moyo. Nikawaambia kuhusu kidole gumba na mwandiko. Nilieleza vizuri, kama darasani. Walitikisa vichwa na kusema ni mapenzi hayo, kumwangalia mtu namna hiyo. Mume wangu alisikiliza hadi mwisho, kisha akaomba chai.

Bado anaisimulia hadithi hiyo kila mgeni akija. Wageni wakiwa wapya, ananiita kutoka jikoni nije nimalizie mwenyewe.