Sungura wa Chini ya Upenu

Kosa langu la kwanza katika maua ya bibi lilikuwa kuyamwagilia maji yakiwa yamelala. Nilikuwa darasa la pili, likizo ya Desemba, na bibi alikuwa ameshuka sokoni mjini na kikapu chake cha njegere. Nikayaona makopo yake yamelazwa ubavu chini ya upenu wa nyumba, udongo umekauka, hakuna jani hata moja. Nikajua maua yamekufa, na nikajua lawama itakuwa yangu. Nikayasimamisha makopo yote, nikayapanga kwa mstari, makubwa nyuma, madogo mbele, nikachota maji mferejini na kumwaga mpaka yakafurika. Kesho yake bibi aliposhuka tena, nikarudia. Mpaka leo, rafiki yangu, nikiona kitu kimenyamaza nadhani mimi ndiye niliyekiua.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwaka jana ilinibidi nipande tena kule juu mlimani kwa bibi. Magoti ya bibi yalikuwa yameshakataa mlima, akawa anaishi nasi mjini, Kihonda. Mjomba, ambaye kwetu Waluguru ndiye mwenye kauli juu ya ardhi ya ukoo wa mama, alikuwa ameamua nyumba ya bibi iezuliwe kabla mabati hayajaibwa. Mama akanituma nikachukue vilivyobaki. Nilichoka kabla hata sijaanza kupanda. Mimi huchoka hivyo, kwa kuwaza kwanza kila kitakachoharibika.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo, imekaa kwenye mteremko kama mtu aliyeegemea ukuta. Utotoni mwangu, asubuhi ukungu ulipanda kutoka bondeni, na adhana ya msikiti wa chini ilipanda pamoja nao, ikifika imefifia. Nikiamka nilisikia maji ya mfereji, kima wanagombana msituni, na bibi anakuna masizi ya sufuria kwa mchanga. Tulikunywa chai ya mchaichai na magimbi ya kuchoma, yale ambayo ganda lake linaungua na ndani yanabaki meupe na makavu, yanakukwama kooni usipokunywa haraka. Vidole vyangu vilinuka moshi likizo nzima.

Na chini ya upenu palikuwa na maua. Bibi aliyaita sungura, kwa sababu petali zake zinajikunja kwenda nyuma kama masikio ya sungura anayekimbia. Mengine yalikuwa meupe, mengine ya rangi ya waridi, na majani yake yalikuwa na michoro ya kijivu kama vile mtu ameyachora kwa majivu. Alipokuwa msichana aliwahi kumfulia nguo mama mmoja mgeni aliyekuwa na nyumba ya mawe mlimani. Yule mama alipoondoka alimwambia abebe vyote vilivyokuwa kwenye vyungu. Bibi akabeba maua, jina la maua likaondoka na mwenyewe.

Jina nimelijua ukubwani, kwenye simu. Sikusomea kilimo mahali popote. Nilichojua nimekiokota kwenye video na kwa kuharibu. Yanaitwa saiklameni, na kwao mvua hunyesha wakati wa baridi, jua likija yanalala mpaka litulie. Kwetu mambo yamegeuka. Baridi yetu ni kavu, na joto linakuja na mvua. Kwa hiyo ua hili likiachwa peke yake hapa litakufa, maana mvua italikuta usingizini na kiazi chake kitaoza. Bibi hakuwa na simu. Aliona tu kwamba majani yakianza kuwa ya njano inabidi ayanyime maji, na joto likifika analaza makopo ubavu, midomo ikielekea ukutani, mvua isiingie. Masika yakiisha na ubaridi ukirudi, jani la kwanza linachungulia. Hapo ndipo alipoyasimamisha, na maji hayakumwagwa juu. Aliyaweka kwenye kisahani chini ya kopo, ua linyonye lenyewe. Kiazi hakikufukiwa chote, kichwa kilibaki nje.

"Wewe ukifunikwa blanketi mpaka utosini utapumua?" aliniuliza, siku niliyokifukia vizuri kupita kiasi.

Kazi yangu niliyoipenda, likizo za Juni, ilikuwa kuvuna. Ua la sungura halikatwi. Unashika bua chini kabisa, unalizungusha kidogo, unalivuta, linatoka lote na mlio mdogo. Ukiacha kisiki kinaoza na kuambukiza wenzake. Niliogopa visiki hivyo kuliko nyoka. Nilizunguka kila kopo nikikagua, bibi ananicheka. Tulifunga mafungu kwa kamba za mgomba, tukayalaza juu ya njegere, tukafunika kwa gunia bichi. Mjini walionunua ni manesi, walimu, na watu wenye harusi waliotaka kupamba kiti cha bibi harusi. Mwalimu wangu mmoja aliliweka fungu mezani kwake mpaka likanyauka, na mimi kila kipindi nilikuwa natazama ua badala ya ubao.

Mbuzi walifukuzwa mbali na makopo. Mimi pia nilionywa. "Ukila hicho kiazi utatapika mpaka jina lako," bibi alisema.

Sasa rudi nami kwenye ile Desemba. Bibi aligundua kwa harufu. Akachuchumaa, akatia kidole gumba katika kila kopo, na kiazi baada ya kiazi kikabonyea kama uji ulioganda. Mimi nilisimama nyuma ya mlango. Nilitaka anichape, yaishe. Hakunichapa. Mabibi wa kwetu hututania wajukuu kama waume zao, naye hata siku ile hakuacha.

"Mume wangu, hawa walikuambia wana kiu?"

"Nilidhani wamekufa."

"Walikuwa wamelala. Sasa ndiyo wamekufa."

Kiazi kimoja kilikuwa bado kigumu. Kilikuwa kwenye kopo la rangi lililokaa mwisho wa mstari, na sijui kwa nini kilinusurika, labda kopo lilivuja. Maua yote yaliyofuata katika nyumba ile yalitokana na hicho kimoja, kwa mbegu. Ua likishachoka, bua lake linajisokota kama springi na kuishusha mbegu taratibu mpaka udongoni. Bibi alinionyesha hilo nikalitazama mpaka miguu ikafa ganzi. Jirani, mwanamke wa shamba la njegere la upande wa pili wa mfereji, aliyezoea kulaza makopo pamoja na bibi, alisikia habari yangu na kuanzia hapo akaniita Masika. Nikipita tu kwake: "Masika, leo unanyesha wapi?"

Haya. Mwaka jana nilipofika juu, mabati yalikuwa bado hayajaezuliwa. Makopo yalikuwa chini ya upenu, yamelala ubavu, midomo ukutani, kama alivyoyaacha bibi kabla ya kushuka. Nikatia kidole gumba katika kopo moja baada ya jingine. Viazi vimekauka, vyepesi kama vizibo. Katika kopo moja la maziwa kidole kilikutana na kitu kigumu na kizito. Nikakaa chini pale pale. Nikawaza: huyu ndiye wa mwisho, na amekuja mikononi mwangu mimi.

Nilimshusha Kihonda nimempakata. Bibi alimbonyeza, akasema ni mzima, akaagiza asubiri ubaridi. Nikasubiri. Hicho ndicho kitu kigumu kuliko vyote nilivyowahi kufanya. Niliweka kopo karibu na mlango wa jiko, nikawa nalipita nikielekea kuoga, nikirudi, nikitafuta chumvi. Mkono wangu ulikuwa unaenda wenyewe kwenye kikombe. Masika yakaja yakaisha. Kila asubuhi nikimwamkia bibi, swali lilikuwa moja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Ameamka?"

"Bado."

"Umemnywesha?"

"Sijamnywesha."

"Kweli?"

"Kweli bibi."

"Basi umekua."

Lakini hakuamka. Ubaridi wa mjini ni wa jina tu, mchana bati la jiko linawaka. Nikasoma kila nilichokipata kwenye simu, nikamhamishia uvunguni mwa kitanda, nikamrudisha. Nikaanza kukonda kwa ajili ya kiazi. Mwisho bibi akaniita.

"Mrudishe juu, kwa jirani. Huku kwenu hata mimi silali kwa joto."

"Akifia huko? Ndicho kitu chako pekee kilichobaki, bibi."

"Aliyebaki ni mimi," alisema. "Hicho ni kiazi."

Nikapanda tena. Nyumba ilikuwa haina paa. Kuta za udongo bila upenu zilikuwa zimeanza kulika na mvua, na pale palipokaa makopo palikuwa na mfereji mdogo uliochimbwa na matone. Sikukaa. Nikavuka kwenda kwa jirani, ambaye nywele zake sasa ni nyeupe.

"Mama wee, Masika huyo," aliwaambia wajukuu zake. "Ficheni makopo."

Akapokea kopo, akatia kidole gumba kama bibi, akaguna. Akalisimamisha chini ya upenu wake, upande usio na jua. Nikaanza kumweleza kuhusu kisahani, na kichwa cha kiazi kibaki nje, na maji yasimwagwe juu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nani alimfundisha mwenzake, mimi au bibi yako?" akauliza. "Hebu nenda nyumbani ukapumzike, mwanangu. Una sura ya mtu anayelea mgonjwa."

Nilishuka mikono mitupu. Usingizi niliopata siku zile sikuwa nimeupata tangu masika.

Kipupwe kikielekea kwisha, binti wa jirani alileta njegere, na juu ya njegere palikuwa na jani la mgomba limekunjwa. Ndani yake ua moja jeupe, masikio nyuma. Bibi alilishika kwa muda mrefu. Hakulinusa wala hakusema ni zuri. Aligeuza bua akatazama mwisho wake.

"Limevutwa," alisema. "Halikukatwa."

Akaniambia niliwekee maji kwenye glasi, kidogo.

Ninapoandika haya, kule juu hakuna tena nyumba, wala moshi wa magimbi, wala mtu wa kunicheka nikikagua visiki. Mjomba amewapa wajukuu wa dada yake mwingine sehemu ile, wamepanda maharage mpaka palipokuwa na mlango. Bibi hapandi mlima, na siku nyingine haulizi kitu. Sungura anaishi kwa jirani. Sina hata kopo moja nyumbani, na nikipanda kumwona huwa siendi na maji.