Ruta Mpya na Saa ya Ng'ambo

Chekeni sasa hivi mmalize, maana aibu hii imempata mzaliwa wa Kabanga, na kwa mzaliwa wa Kabanga haina utetezi.

Mimi nahariri ripoti za shirika moja la Mwanza, nafanyia kazi nyumbani, kwenye chumba ambacho mke wangu anakiita ofisi akiwa na furaha na stoo akiwa na hasira (magunia ya maharage bado yamo). Ruta yangu ilikuwa imezeeka, ikipata moto inazima, mpaka nikawa naipepea kama jiko la mkaa. Sasa Jumatatu saa nne asubuhi kulikuwa na kikao cha mtandaoni cha kuamua kama mkataba wangu utaongezwa au ndiyo basi, nikasema sitakufa na ruta hii, nikanunua mpya, na kwa kuwa kilima chetu hapa Kabanga, mpakani kabisa, kinatazama Burundi na mtandao wa kule unashika kuliko wetu, nikatia laini ya shemeji yangu wa Muyinga, huko huko Burundi. Uamuzi mdogo tu. Ikakimbia ajabu.

Jumatatu nikavaa koti na tai (chini kaptula, nani ataona?), simu nikaizima isije ikalia mbele ya wakubwa, nikakaa kwenye kompyuta kupitia hoja zangu. Mke wangu akaingia na kikombe.

"Chai ya saa nne hiyo, Baba Editha."

"Mbona umeiwahisha? Ndiyo kwanza saa tatu. Iache hapo."

Akaniangalia, akatoka.

Kompyuta ilipokaribia saa nne nikaingia kikaoni, nikakuta wamejaa wote, hata mkurugenzi, mama mmoja asiyependa mchezo na muda. Nikafurahi kwamba watu wamestaarabika.

"Shikamoo mama, habari zenu wote. Leo nawapongeza kwa kuwahi, maana kuchelewa ni dharau."

Nyuso zote zikaganda. Nikadhani mtandao umekwama, nikarudia kwa sauti ya juu zaidi.

"Marahaba," akasema mkurugenzi. "Ndugu Deogratias, huko kwako ni saa ngapi?"

"Inakaribia saa nne, mama."

"Hapa inakaribia saa tano. Ajenda yako imeshapita. Tunajadili nani achukue nafasi yako."

Moyo ukanishuka mpaka kwenye kaptula. Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja, na kompyuta, kwa kupata mtandao wa kule, ilikuwa imehamia kule. Kabanga hata mtoto analijua hilo, ukiambiwa basi linaondoka saa mbili unauliza kwanza, saa yetu au ya kwao? Na mimi ndiye niliyekuwa nawacheka wageni walioachwa na basi! Nikaanza kujieleza, nikasimama nikainua ruta waione wenyewe, na hapo ndipo walipoiona kaptula.

Walinipa miezi mitatu ya majaribio. Mkurugenzi alisema walicheka mno, wakashindwa kunifukuza.

Laini nimemrudishia shemeji. Mialiko ya vikao siku hizi, inayokwenda kwa wafanyakazi wote, inamalizikia kwa maneno "saa za Tanzania", na hakuna anayeuliza kwa nini. Nami nimeapa: chai ya saa nne ikiletwa, sibishani na mwenye chai, naingia kikaoni. Nikiwa na suruali.