Paka Wangu Badria

Nisiwafiche, wivu ndio ulioniponza. Jirani yangu hapa Tangini, Mama Neema, ana paka jike anayeitwa Yasmini, na kila anayepita lazima alisifie jina. Siku moja mume wangu, ambaye hata pilau yangu hajawahi kuisifia, akamwambia, "Jina limetulia hilo, shemeji." Nililala nimenuna.

Paka wangu mimi alikuwa anaitwa Paka.

Mume aliposafiri, nikaapa akirudi atakuta jina la kumfunika Yasmini: la Kiarabu cha kale, zito, la mwanamke wa heshima. Nikachagua Badria, yaani mwezi mpevu. Nikawa nalitamka uani kwa sauti, makusudi, Mama Neema alisikie.

Jumamosi mama mkwe akaja kutoka Kisarawe. Kwao wote wanamwita Mama Shabani, kwa jina la mume wangu; mimi namwita Mama. Jina alilopewa na wazazi wake sikuwahi kulisikia, na mkwe haulizwi jina. Nilimwacha sebuleni apumzike, nikatoka uani, nikamwona paka anachomoka jikoni na samaki wa mgeni mdomoni. Mama Neema alikuwa anaanika nguo. Nikapaza sauti ili imfikie vizuri.

"Badria! Mwizi mkubwa we! Kula tu, shibe huijui! Toka nyumbani kwangu!"

Mama mkwe akatokea mlangoni, baibui kashavaa, mkoba kwapani.

"Abee, mwanangu," akasema. "Natoka. Ila niambie tu nimeiba nini."