Kabla ya Kuliuza Bonde la Lukozi

Mjomba Singano si mtu wa simu. Akipiga, ama kuna msiba, ama mvua ya mawe imepiga kabichi. Kwa hiyo aliponipigia nikiwa nafua sare zangu Dar es Salaam, nilikaa chini kwanza ndipo nikapokea. Haukuwa msiba. Binti yake wa mwisho, Rehema, alikuwa amemaliza kidato cha sita, amefaulu fizikia na hesabu vizuri sana, na alikuwa ametamka mbele ya nyumba nzima kwamba anataka kuwa rubani kama mimi. Mjomba alikuwa ameshapata mtu wa kulinunua bonde lake, ada ipatikane.

"Njoo umtie moyo mdogo wako," akaniambia. "Na mimi uniambie chuo kipi ni kizuri. Wewe ndiye mwenye njia."

Bonde hilo nalijua tangu utotoni. Lina kijito kisichokauka, na ndilo linaloilisha nyumba ile: kabichi, karoti, viazi, hoho. Anayelilima siku hizi si Mjomba, maana magoti yake yamechoka, bali mwanawe mkubwa, Juma, mwenye mke na watoto. Katika maongezi yote yale Mjomba hakumtaja Juma. Hilo ndilo lililoniondoa Dar. Nikaomba ruhusa ya siku chache, nikakata tiketi.

Ijumaa alfajiri nilipanda basi la Lushoto. Nilikaa dirishani, na mpaka tunaipita Segera nilikuwa bado natafuta maneno. Nitamwambiaje mzazi aliyejiandaa kutoa kila alichonacho kwamba hajui anachokinunua? Nikiyasema yote, nitaonekana nimepanda ngazi kisha nikaivuta juu. Nikinyamaza, Juma atabaki na jembe bila shamba.

Mombo palikuwa na joto la kutosha kukausha nguo mwilini. Kutoka hapo barabara inaacha tambarare na kuanza kujikunja kuelekea juu, mwamba mkono mmoja, korongo mkono mwingine. Mimi ninayepata riziki yangu angani huwa natapika katika kona za Soni. Sijui ni kwa nini. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu alinipa ndimu ninuse, akaniuliza kama hii ndiyo mara yangu ya kwanza kusafiri. Nikamwambia hapana, nimezoea kidogo.

Lushoto nilimkuta Juma akinisubiri na pikipiki, amevaa koti zito na mabuti yenye udongo mwekundu. Tulisalimiana, akafunga begi langu kwa mpira, kisha akasita.

"Mama alidhani utakuja na gari lako," akasema.

"Sina gari, kaka."

"Huna?" Akaniangalia kama anayedhani anataniwa. "Rubani?"

"Baba alitoa kiinua mgongo chake chote nikasome, na hakikutosha. Kilichobaki tulikopa. Mpaka leo mshahara ukiingia, sehemu kubwa inakwenda huko."

Aliwasha pikipiki tukapanda kuelekea Lukozi, baridi ikinipenya mikononi, harufu ya mikaratusi mibichi ikitufuata. Njiani tulipishana na malori yaliyosheheni magunia ya lumbesa, yaliyojazwa kupita kipimo, yamevimba mdomoni kama mashavu ya mtu mwenye jino bovu. Karibu na kijiji Juma alipunguza mwendo, akasema bila kugeuka: "Mimi sina chuki na mdogo wangu. Ila hakuna aliyeniuliza."

Lukozi walinipokea kama bibi harusi. Niliwaamkia Mjomba na mkewe shikamoo, wakaniitikia marahaba wakiwa wameshika mikono yangu yote miwili. Makande yalikuwa tayari, na mke wa Juma alikuwa amenichumia mapeasi. Rehema alikaa mbele yangu akinitazama kuanzia viatu mpaka nywele. Ni msichana mrefu, mkimya, macho yake hayakimbii. Nilipotaka kuanza habari, mke wa Mjomba alinikatiza: "Pumzika kwanza mwanangu. Mgeni haulizwi akiwa bado na vumbi."

Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa haujainuka, nilimwomba Rehema anitembeze bondeni. Tulishuka kwa kijia cha utelezi hadi kwenye matuta ya karoti. Juma alikuwa upande wa pili akifungua mfereji. Rehema hakungoja.

"Dada, niambie ukweli. Ni kazi ngumu?"

"Kusoma kwenyewe utaweza. Ugumu unaanza ukishamaliza."

Nikamsimulia. Niliporudi na leseni yangu kutoka Afrika Kusini nilikosomea, nilidhani kampuni zitanigombania. Kila mlango niliogonga waliniuliza nimeruka jumla ya saa ngapi, na zangu zilikuwa chache. Kwa muda mrefu nilifanya kazi ya ofisini kwenye kampuni ndogo ya ndege, nikipima mizigo ya watalii na kuandika majina ya abiria, kwa malipo yaliyoishia kwenye nauli na chakula. Wenzangu wawili niliosoma nao walikata tamaa. Mmoja anauza vipuri vya magari. Hakuwa mvivu, wala hakuwa na akili ndogo kuliko mimi. Nafasi tu ilinifikia mimi kabla yake.

"Na sasa?"

"Sasa nalipwa vizuri kuliko mwalimu, siwezi kusema uongo. Ila watu wakisikia rubani, wanaona ghorofa. Mimi nimepanga vyumba viwili. Na kila mwaka daktari ananipima. Siku akikuta kitu moyoni au machoni, kazi imekwisha, hata kama jana ulishusha ndege salama. Kila baada ya miezi michache unaingizwa kwenye simuleta, chumba kinachojifanya ndege, wanakuzimia injini, wanakuwashia moto, wanakutazama utafanyaje. Uzoefu wako wote unauweka mezani upya."

Akaokota karoti moja, akaifuta udongo kwa kidole gumba. "Uliwahi kuogopa?"

Hilo sikuwahi kumwambia mtu wa nyumbani. Nikamweleza kuhusu siku moja ya masika, mimi na kapteni wangu tukijaribu kutua kwenye kiwanja kidogo cha kusini. Upepo ulikuwa ukitusukuma pembeni, mvua imefunika njia. Tulijaribu, tukapaa tena. Tukajaribu mara ya pili, tukapaa tena. Kapteni akaamua turudi Dar. Tuliposhuka abiria walikuwa wamekasirika, mmoja akanitolea maneno kwamba wanawake wapelekwe jikoni. Nilimwambia pole, nikatabasamu, nikaenda chooni. Bomba nililifungua nikalisahau, maji yakimwagika bure. Kisha nikaosha uso, maana kulikuwa na safari nyingine mchana huohuo, nami nilitakiwa nitoke nikiwa na sura ya mtu asiye na wasiwasi.

Rehema aliizungusha karoti mkononi. Kijito kikawa kinasikika.

"Mbona hujaacha?"

"Kwa sababu naipenda," nikamjibu. "Kuna asubuhi tunapita juu ya milima hii, mawingu yamejaa mabondeni kama maziwa, vilele vimechomoza. Siwezi kukueleza. Ila kuipenda peke yake hakulipi deni, Rehema. Ndicho nilichotaka ukijue."

Mchana, baada ya Mjomba kurudi kutoka kuswali adhuhuri, tulikaa sebuleni sote. Mjomba aliniuliza habari ya chuo, nami nikayarudia yote niliyomwambia binti yake, polepole, bila kuficha wala kutia chumvi. Niliona uso wake ukibadilika. Alivua kofia akaiweka gotini.

"Nilikuita umtie moyo," akasema. "Umekuja kumvunja."

"Mjomba, sijaja kumvunja. Nimekuja kwa sababu bonde likishauzwa halirudi. Na akimaliza masomo, huenda akakaa nyumbani muda mrefu bila kazi. Wakati huo mtakula nini? Juma atakwenda wapi?"

"Juma ni mwanaume. Atajua la kufanya."

Hapo Rehema akageuka. "Kaka, Baba alipokuambia habari ya kuuza, wewe ulisemaje?"

Juma alikuwa ameketi karibu na mlango, mabuti ameyaacha nje. "Sikuambiwa," akajibu. "Nilimsikia mnunuzi akijisifu sokoni."

Mke wa Mjomba alimtazama mumewe, akamsemesha kwa Kishambaa, maneno machache tu, ya chini, ambayo sitayatafsiri hapa. Mjomba akainama. Ni mtu mwema, aliyefurahi kupita kiasi kwamba mtoto wa mkulima ataendesha ndege, na furaha ile ikamziba macho. Nilimwonea huruma kuliko nilivyotegemea.

"Sitaki bonde liuzwe," Rehema akasema. "Nataka kuwa rubani. Ila si kwa kumfukuza kaka."

Juma ndiye aliyeitikia kwanza. Alisema yuko tayari kipande cha juu, kile cha viazi, kikodishwe kwa misimu, mradi kijito kibaki. Hakitatosha chuo cha marubani, alijua. Nikawaeleza kwamba ipo kozi fupi na nafuu zaidi, ya watu wanaopanga safari za ndege kutoka ardhini: njia, mafuta, uzito, hali ya hewa. Wengine huanzia huko, wanapata mshahara na kujuana na kampuni, halafu ndipo wanatafuta kuruka. Njia ni ndefu. Na kabla ya yote, apimwe na daktari wa marubani, maana hakuna sababu ya kukodisha hata tuta moja kama macho au moyo vitamkatalia.

Mjomba aliigeuzageuza kofia gotini. Mwisho akavaa kofia. "Mpeleke akapimwe," akasema. "Mnunuzi nitamwambia mwenyewe."

Jumapili niliteremka na Rehema. Juma alitufikisha Lushoto kwa zamu, mmoja mmoja, na alipoagana na mdogo wake alimpa mfuko wa karoti kama mtu anayekwenda nchi isiyo na chakula. Kwenye kona za Soni nilitapika tena. Rehema alinishika mgongo, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikamsikia akicheka.

Dar es Salaam daktari alimpima macho, masikio, moyo, damu, akamfanya asome herufi na kutofautisha rangi. Mimi nilikaa nje nikipindua gazeti bila kulisoma. Nilikwenda Lukozi nikidhani nina kazi ya kumpunguzia mtu ndoto. Sasa nilijikuta naomba apite, na kwa mambo yote niliyoyataja kule bondeni, nilijua naomba nini. Ndicho nilichorudi nacho: ukimweleza mtu ukweli wa kazi yako bila kumdharau, anaweza kuupokea na bado akaitaka. Nisingemheshimu zaidi ya hapo kwa kumficha.

Rehema alitoka na cheti mkononi. Nikampigia Mjomba.

"Amefaulu?" akauliza kabla ya salamu.

"Amefaulu, Mjomba. Mwezi ujao anaanza ile kozi."

"Alhamdulillahi." Kisha sauti yake ikashuka. "Mwanzoni niliogopa gharama tu. Sasa namwogopea yeye. Siku akianza kuruka kweli, nitalalaje?"

Nikamwambia ampigie dada yake, mama yangu. Ana miaka mingi kwenye kazi hiyo ya kulala na hofu.