Nilivyochagua injini ya trekta kwa gari la mbio la kalasinga, Nakuru miaka ya hamsini

Wakuu, hamjambo. Vijana, niaje.

Nimesoma uzi wa yule kijana anayejijengea sports car nyumbani na hajui aweke injini gani. Comments zimefika ukurasa wa tisa na mnatukanana tu. Mmoja anasema V8, mwingine anasema turbo, wa tatu anauliza kama mwenye gari ana mke.

Mimi nimepita miaka themanini na tano. Nachapa na kidole kimoja. Mnaweza kuniamini kwa hii story, maana uongo unataka maneno mengi na kidole chenyewe kinauma.

Nilizaliwa kwenye shamba la mzungu kule Rongai, na nikaendesha trekta yake kabla sijaota ndevu. Baadaye nikapata kazi Nakuru mjini, kwenye gereji ya kalasinga mmoja anaitwa Mohinder. Sisi tulimwita Fundi.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu, mke na mtoto, lakini kwa karatasi za kazi nilikuwa nimeandikwa "boi wa gereji".

Hapo ndipo paliponiuma, wakuu. Siku hizo ukitaka kazi ya maana unaulizwa barua ya tajiri wako. Barua ikisema boi, utakuwa boi mpaka meno yaanguke. Ikisema fundi, unaweza kupata kazi yenye nyumba, ukaishi na familia yako. Mke wangu Nasimiyu alikuwa amebaki Rongai kwa wazazi wangu, na mimi nalala Nakuru chumba kimoja na wanaume watano, mmoja wao anapiga filimbi usingizini. Hiyo barua niliitaka kuliko nyama.

Sasa Fundi Mohinder alikuwa na ugonjwa wa magari ya mbio. Kwa mikono yake alikuwa amejenga gari la watu wawili, halina paa, bati limepigwa nyundo mpaka likawa laini kama yai. Rangi ya kijani. Zuri ajabu.

Shida moja tu. Halikuwa na injini.

Lilikaa hivyo mwaka mzima. Mkewe, tuliyemwita Mamaji, akaona boneti tupu ni mahali pazuri pa kukaushia pilipili. Fundi akitaka kupima kitu ndani ya gari lake, lazima kwanza aombe ruhusa kwa Mamaji.

Halafu wazungu wa mjini wakatangaza mbio za kupanda kilima, barabara ya vumbi inayoelekea juu ya Menengai. Fundi akaenda kuuliza kama anaweza kuingia. Wakamwambia, kwa kicheko, alete kwanza gari linalotembea. Alirudi gereji, na pilipili zikahamishwa siku hiyo hiyo.

Injini ya kwanza tuliitoa kwenye gari kubwa la Kimarekani lililopinduka karibu na Gilgil. Silinda nane. Tulipoiteremsha na mnyororo, pua ya gari ilienda chini na matako yakapanda juu, kama mbuzi anakunywa maji. Fundi aliizunguka mara mbili, akasema, "Toa." Tukatoa.

Ya pili ilikuwa Rongai, kwa kinu cha posho. Mwenye kinu alikuwa amefunga injini ya gari dogo kwenye saruji, inazungusha jiwe kwa mkanda. Injini safi, nyepesi. Akakubali kutuuzia.

Tulifika asubuhi na spana zetu. Kumbe kulikuwa na foleni ya akina mama, kila mmoja na debe lake la mahindi. Mama wa kwanza, mnene, mpole kabisa, akakalia ile saruji kando ya injini.

"Kalasinga," akasema, "hii injini utaibeba. Mimi sina shida. Lakini nikimaliza kusaga."

Haki kabisa. Tukangoja. Akamaliza, akainuka, na wa pili akakaa palepale. "Mimi pia sina shida," akasema.

Wakuu, ile foleni haikuwa na mkia. Wale waliomaliza walikuwa wanaenda kuwaambia majirani kwamba kinu kinaondoka, na majirani wanakuja na madebe. Saa kumi Fundi Mohinder mwenyewe alikuwa amevua koti, anakaza mkanda wa kinu uliolegea. Mwenye kinu akaona aibu, akabadilisha nia. Tulirudi Nakuru bila injini, lakini unga tulipewa.

Fundi alikata tamaa kabisa. Ndipo mimi nikafungua mdomo.

Nilikuwa nimeona kitu dukani kwa spea. Kila nikitumwa pistoni za ile trekta ndogo ya kijivu, karani alikuwa anaangalia kitabu kilekile anachoangalia kwa gari la mbio la kijana mmoja mzungu wa Njoro. Nilipozishika pistoni za hizo injini mbili nikaona zinakaribiana sana. Injini ya trekta na ya sports car ni ndugu wa tumbo moja, mmoja amepelekwa shamba, mwingine mjini.

Nikamwambia, "Fundi, tuweke injini ya trekta."

"Barasa, wewe nakula bangi? Mimi natengeneza gari ya mbio. Hapana jembe."

Lakini jioni nilimwona anapima na rula. Kesho yake akaniita.

"Wewe nasema kweli. Basi hii injini ni yako. Wewe nafunga. Gari napanda kilima, mimi naandika wewe fundi. Gari naleta aibu, wewe narudi naosha vyuma na mafuta ya taa."

Fundi alinunua injini ya trekta moja kuukuu, nami nikaifunga kwa wiki tatu. Nilichonga sahani ya chuma ya kuiunganisha na giaboksi, nikabadilisha kabureta, nikaunganisha waya wa mguu wa mafuta, ile pedeli ya kukanyaga. Jumamosi tuliijaribu kutoka gereji mpaka stesheni ya reli, katikati ya mikokoteni na kuku. Ikanguruma vizuri sana. Nilitaka kulia.

Siku ya mbio nilikaa kiti cha pili. Magari sita. Bendera ikashuka, na Fundi akakanyaga mafuta.

Tuliondoka vizuri. Tukafika maili thelathini kwa saa.

Tukabaki hapo.

Fundi akakanyaga mpaka mwisho. Maili thelathini. Akainuka nusu kwenye kiti akakanyaga na uzito wote. Maili thelathini. Magari mengine yalishapotea kwenye vumbi. Jamaa mmoja wa baiskeli alishika mlango wetu upande wangu, akavutwa nasi, akaniuliza kama tunaenda mbali.

"Barasa! Nini nashika sisi?"

Nilijua hapohapo. Governor!

Siyo yule wa kaunti. Trekta ina kifaa kinachoshikilia mwendo wa injini. Udongo ukiwa mgumu kinaongeza mafuta chenyewe, ukiwa laini kinapunguza, ili mwendo usibadilike. Mimi, mtoto wa trekta, nilikuwa nimeunganisha mguu wa mafuta kwenye governor kama nilivyozoea shamba. Wala sikufikiria. Kwangu injini isiyo na governor ilikuwa haijakamilika.

Nikajifanya naangalia barabara. Nilikuwa naona Nasimiyu anabaki Rongai, na mimi na yule wa filimbi tukizeeka pamoja.

Kisha kilima kikaanza.

Wakuu, lile gari halikujua kwamba kuna kilima. Maili thelathini. Tukapita gari la kwanza limefungua boneti, moshi mweupe unatoka. Tukapita la pili, mzungu anamwaga maji kwenye rejeta na kutukana. La tatu lilikuwa linapanda polepole linakohoa. Fundi alimpungia dereva wake mkono kwa heshima, mwendo uleule.

Tulifika wa tatu. Juu kule wazungu walicheka mpaka wakashika magoti. Mmoja akauliza jembe tumeliacha wapi.

Fundi hakucheka. Alifungua boneti, akaangalia, kidole chake kikafuata waya mpaka mwisho. Wazungu wamesogea, nao wanaangalia.

"Nani nafunga hii?"

Siku hizo, wakuu, jibu lilikuwa moja. "Sijui, bwana." Ilikuwa ngao yetu, na ilituokoa mara nyingi, sina haja ya kudanganya. Ilinifika kwenye ulimi.

Lakini nilikuwa nimefunga ile injini wiki tatu. Nilishindwa kuikana.

"Ni mimi, Fundi. Nilisahau kutoa governor. Nipe dakika kumi niitoe."

Mohinder akawageukia wale wazungu, akasema kwa Kiswahili, ili mimi nisikie: "Hii nyinyi naona ni fundi yangu. Injini ni yake."

Jumatatu barua iliandikwa. Kiingereza chote, isipokuwa neno moja, fundi, ambalo aliliacha kwa Kiswahili na kulipigia mstari chini. Nikaikunja, nikaenda Rongai kwa miguu yenye mbawa. Nikampa Nasimiyu, aliyesoma kunishinda, asome kwa sauti.

Akasoma mpaka mwisho, akaanza kucheka. Fundi Mohinder alikuwa ameandika kwamba mimi ni fundi hodari wa matrekta.

Hiyo barua ilinipatia kazi na nyumba ya vyumba viwili, na Nasimiyu akaja na mtoto mwezi uleule. Lakini tangu siku ile mpaka nastaafu, hakuna mtu aliyewahi kuniruhusu kugusa gari. Miaka yote matrekta tu. Hata nilipokuja kununua gari langu, Nasimiyu alilipeleka kwa fundi mwingine.

Funzo nililopata: ukichagua injini, jua ilizoea kufanya nini kabla ya kuja kwako. Na ukikosea, sema ni wewe kabla hujaulizwa mara ya pili.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Nani aliwahi kukiri kosa lake mbele ya watu, na likamlea maisha yake yote? Mimi lilinisomeshea watoto sita.