Mpaka Tulioutembea Kitahana

Mashine ya kuchapia ya ofisi yetu Kasulu hulia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Asubuhi ile ililia, ikanyamaza, ikalia tena kwa uchungu, halafu ikatema ramani ya mashamba ya Kitahana. Bado nausikia mlio ule, maana ndio ulionipeleka safari. Bwana shamba wetu, mtu wa Moshi ambaye Kiha chake kinaishia kwenye salamu, aliitazama ramani akakunja uso. Picha ya setilaiti ilikuwa imeona migomba ya majirani wawili imefumbatana, ikadhani ni shamba moja. Lote likasomeka la Mzee Bihemo. Jirani yake mjane, Mama Esperansi, hakuonekana kabisa.

"Nenda ukautembee mpaka," aliniambia. "Tukiacha hivi, yule mama kwetu hana shamba. Hapati chokaa, hapati mbegu."

Mimi nimeishia kidato cha nne, lakini kazi hii naipenda kama nini. Unazunguka shamba na simu mkononi, simu inaandika kila unapokanyaga, ukimaliza shamba linatokea kwenye kioo na umbo lake. Kwa ramani hizo chama chetu cha wakulima kinajua udongo upi una tindikali unataka chokaa, na mteremko upi unafaa maharage. Nami huwa naota siku moja nipande ndege niyaone mashamba hayo kwa macho yangu, rubani aniulize njia.

Wiki iliyofuata basi lilitoka Kasulu ukungu ukiwa bado umelala mabondeni. Tulipita Makere, na tulipovuka daraja la Malagarasi, mama muuza dagaa aliyekaa karibu nami aliyatazama mabuti yangu.

"Unakwenda msibani au kulima?"

"Kupima shamba, mama."

"Basi upime taratibu. Kampeni hizi za vitongoji, hata kuku wawili wakigombana watu wanauliza wa chama gani."

Nilicheka. Kibondo nikaacha kucheka. Pale sokoni nilipanda bodaboda, na dereva, baada ya kuniuliza kama simu yangu inapima na mapenzi, alinieleza habari za Kitahana. Kuna kijana anautaka uenyekiti wa kitongoji. Amesikia habari za ramani yetu, na kila mkutano anasema picha ya juu haidanganyi, kwamba waliotoka Burundi hawana ardhi pale, wamekaribishwa tu.

"Lakini Mama Esperansi ni raia," nikasema.

"Dada, kura haiulizi karatasi. Inauliza nani apigiwe kelele."

Kitahana nilimkuta Mama Esperansi uani akipura maharage. "Mwakeye," nikamsalimu. Aliitikia vizuri, akanipa kigoda na uji. Nilipotoa simu, akaweka fimbo chini.

"Mwanangu, uji utakunywa. Kupimwa sitaki."

Nikamweleza chokaa, nikamweleza mbegu. Alinisikiliza kama anavyosikilizwa mtoto anayeimba. Kisha akanisimulia. Kwao Burundi, ng'ambo ya mpaka, baba yake mdogo na jirani walikuwa na ugomvi wa kipande cha ardhi kisichozidi mkeka. Waligombana miaka, wakinywa pamoja, wakizikana. Halafu siasa ikachemka. Wakaja watu na kamba, wakapima, wakamwambia jirani: huyu si wa kwenu, akiondoka hapa pote pako.

"Usiku uliofuata tulikimbia. Baba mdogo hakukimbia vya kutosha."

Kisha, kwa ujinga wangu, nikauliza, "Si wanasema ulikuwa ukabila?"

"Ulikuwepo. Chama nacho kilikuwepo. Kuni zipo kila nyumba, mwanangu. Wewe uliza nani alikuja na kiberiti."

Machozi yalinilenga, nikajifanya moshi wa jikoni umeniingia. Sikutaka kumlazimisha. Lakini nilijua nikirudi Kasulu hivihivi, lile dai la kijana wa kampeni litakuwa limechapwa kwa wino wetu.

Mchana Mzee Bihemo akaja, na yule mgombea nyuma yake, shati limepigwa pasi. Mzee alianza kwa utani. "Mama Esperansi anaogopa simu? Juzi tu kamfukuza nyoka kwa mwiko."

Hakuna aliyecheka sana. Mzee akanigeukia. "Hii inaandika nikanyagapo tu?"

"Ndiyo, babu."

"Nikikanyaga ndani kwake?"

"Itaandika ndani ni kwako."

Mgombea akatabasamu. "Unaona, mzee? Kazi ni nyepesi."

Mzee Bihemo aliitazama simu, akanyoosha mkono nikampa. "Mama, wewe usiiguse. Nitaibeba mimi. Tangulia unionyeshe."

Mama Esperansi alisimama pale pale. Nadhani kwa mzee alikuwa anamwona jirani wa zamani, yule wa ng'ambo. Mwishowe akajifunga kitenge upya, akatangulia.

Tulifuata minyaa, ile miti ya mpaka ambayo marehemu mumewe aliipanda pamoja na Mzee Bihemo. Ilikuwa rahisi mpaka tukafika palipopita moto wa nyika. Hapo minyaa imekufa, majani yameota mpaka kifuani, haijulikani kwa nani. Mama Esperansi alisita, akakata kuelekea kwake, hatua nzima ndani ya migomba yake mwenyewe. Niliona anachofanya. Alikuwa ananunua amani kwa ardhi.

Mzee alibaki majanini, simu kifuani. "Unakwenda wapi?"

"Mpaka uko huku."

"Hauko huko. Rudi. Mpaka uko hapa niliposimama, mumeo alinikanyaga kidole tukichimba."

"Mzee," mgombea akasema, "unatoa ardhi."

"Sitoi, nasimama palipo pangu. Kijana, kura yangu utaiomba. Mpaka wangu usiuombe."

Mama Esperansi alirudi. Akasimama ubavuni kwa mzee, wakaendelea hivyo, kila mmoja upande wake, wakibishana mkungu upi uliibwa na nani, mpaka tukalizunguka shamba la mama lote na mduara ukafunga. Kwenye kioo yakatokea mashamba mawili.

Sijui yule kijana atashinda au la. Aliondoka akisalimia watu vizuri tu. Mama Esperansi alinifungia maharage kwenye mfuko, akaniambia nimwambie bwana shamba ajifunze Kiha.

Kasulu nilifika kesho yake. Ramani mpya ilichapwa, bwana shamba akasema safi, akaendelea na mengine. Nami njiani nilikuwa nimewaza kwamba picha ya juu inaona majani, lakini haioni nani anakubaliana na nani. Hilo huonekana pale mpaka unapotembewa na wawili.

Nyumbani kwetu, kati ya mihogo yetu na ya jirani, kuna kipande ambacho hakuna anayekipalilia. Sisi husema ni chao, wao husema ni chetu. Asubuhi iliyofuata, kabla mtu hajaamka, nilichukua jembe nikakipalilia chote, chetu na chao.